Karafuu, mwarobaini, kitunguu saumu au mti wa chai: upi wa jino, upi wa ngozi, upi ubaki jikoni

Karibu kila mmea wenye harufu kali au uchungu wa kukunja uso huua bakteria ukifikishwa maabara. Karafuu huua. Kitunguu saumu huua. Mwarobaini, mdalasini, mchaichai na majani ya mpera navyo huua. Kwa hiyo kuuliza "je, mmea huu unaua bakteria?" hakumsaidii mtu anayetaka kuchagua, maana jibu ni ndiyo kwa yote. Swali lenye faida ni jingine: bakteria wako sehemu gani ya mwili, na dawa ya mmea itawafikiaje ikiwa bado na nguvu zake?

Ukianza na swali hilo, mpangilio wote unageuka. Kitunguu saumu, ambacho maabara ni bingwa, kinashika mkia kwenye ngozi. Karafuu inaongoza mdomoni lakini kwenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, haifai kitu. Mimi nauza dawa, na watu wanaonijia na habari za mimea waliyosikia kwa jirani au waliyotumiwa kwenye simu ni wengi. Hapa naweka mimea hiyo ubavu kwa ubavu kama ninavyowaeleza wao, na nitasema wazi ninaouchagua na ninaoukataa.

Kwanza, kile kipimo cha maabara

Maabara wakitaka kupima mmea hupaka bakteria juu ya jeli iliyoganda kwenye sahani ndogo. Katikati huweka kikaratasi cha mviringo kilicholowa maji ya mmea, kisha sahani hulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Asubuhi jeli huwa imefunikwa na utando wa bakteria waliozaana, isipokuwa duara safi kuzunguka kile kikaratasi. Upana wa duara hilo kwa milimita ndio unaosambazwa baadaye kwamba "mmea fulani umeshinda antibiotiki".

Duara ni la kweli, ila linadanganya kwa njia mbili. Mafuta hayasambai vizuri kwenye jeli yenye maji, hivyo mmea mkali wa mafuta unaweza kuonyesha duara dogo, na mmea dhaifu unaoyeyuka upesi ukaonyesha kubwa. Jambo la pili ni kiasi. Siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki, humzuia bakteria E. koli asiye sugu kwa chini ya maikrogramu 1 katika mililita moja. Maji ya mmea yaliyokamuliwa bila kusafishwa huhitaji mamia ya maikrogramu, na mara nyingi maelfu, kufanya kazi hiyohiyo. Watafiti huanza kuuchukulia mmea kwa uzito kiasi hicho kikishuka chini ya 100.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kila ninachokisema hapa chini. Ukipaka mafuta ya karafuu kwenye fizi, unaweka papo hapo kiasi kikubwa kuliko kinachohitajika. Ukinywa chai ya karafuu ili ikaue bakteria kwenye figo, itavunjwavunjwa na ini, itazimuliwa na lita kadhaa za damu, na kitakachofika kwenye mkojo hakitakaribia kiasi kile kilichoua bakteria kwenye sahani. Ukitaka kufidia kwa kunywa nyingi, ini litaumia kabla bakteria hawajaguswa.

Halafu bakteria wenyewe si wa namna moja. Tangu mwaka 1884, Mdenmaki Hans Christian Gram alipobuni rangi ya kuwatofautisha, tunawagawa makundi mawili makubwa. Wale wa Gramu chanya, kama stafilokokasi anayeleta majipu, mimea huwaweza kwa urahisi zaidi. Wale wa Gramu hasi, kama E. koli wa UTI na salmonela wa homa ya matumbo, wana ngozi ya pili kwa nje na pampu za kutapika sumu inayoingia, na mimea mingi hugonga mwamba hapo. Ndiyo maana naamini kabisa kuwa makao ya dawa hizi ni mdomoni na kwenye ngozi: huko ndiko unakoweza kuweka dawa nyingi moja kwa moja, na wengi wa bakteria wa ngozini ni wale laini.

Antibiotiki zetu kubwa pia hazikutoka kwenye miti. Penisilini, ya mwaka 1928, ilitoka kwenye ukungu. Streptomaisini, ya mwaka 1943, ilitoka kwa bakteria wa udongoni. Mimea imetupa kwinini na artemisinini, dawa zilizookoa mamilioni ya watu, lakini hizo ni za malaria, na kijidudu cha malaria si bakteria.

Mdomoni: karafuu, mwarobaini, mswaki

Hapa ndipo mimea inapong'aa, na hapa ndipo ninapoipendekeza bila kusita.

Kwa jino linalouma, chagua karafuu. Mafuta yake yana yujenoli, kati ya asilimia 70 na 90 ya mafuta yote, nayo hufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: hutoboa utando wa bakteria mpaka vilivyomo ndani vivuje, na hutia ganzi mishipa ya fahamu. Madaktari wa meno wameichanganya na unga wa zinki oksidi kuziba matundu kwa zaidi ya karne moja, na ile harufu inayokupokea mlangoni mwa kliniki ya meno ni ya yujenoli. Hakuna mmea mwingine kwenye orodha hii uliokaa mikononi mwa madaktari kwa muda mrefu hivyo.

Kwetu mafuta haya hayatoki mbali. Kule Wawi, karibu na Chake Chake kisiwani Pemba, kuna kiwanda kinachokamua makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi sawa na ya karafuu yenyewe, kwa hiyo usiyadharau ukiambiwa ni ya makonyo. Cha kuogopa ni yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Kuyapima nyumbani ni rahisi: tia tone moja kwenye bilauri ya maji na utazame. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo tone huzama na kutulia chini. Mafuta ya kupikia hubaki yakielea. Ukidondosha pia tone kwenye karatasi nyeupe na kuliacha, karafuu halisi itakauka taratibu, na ile iliyochanganywa itaacha doa la mafuta lisiloondoka.

Namna ya kutumia: matone 2 ya mafuta ya karafuu kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino na fizi iliyo jirani, kaa nayo dakika chache, tema. Usipake mafuta yakiwa makali kama yalivyo kwenye chupa. Nimeona fizi zilizobabuka zikawa nyeupe kwa sababu ya kuyarudiarudia usiku mzima. Kama huna mafuta, karafuu nzima iliyokauka ikiwekwa kando ya jino na kutafunwa polepole inatosha, na kuungua nayo ni nadra.

Chupa yenyewe ifungie mbali na watoto. Mtoto mdogo akinywa mililita 5 hadi 10, ambazo ni chupa moja ndogo tu, anaweza kuzimia, kupata degedege na kuharibika ini. Kwa mtoto anayeota meno, usitumie kabisa.

Mazungumzo ya kaunta huwa hivi. Dada anaingia ameshika shavu, anasema, "Kaka, nipe mafuta ya karafuu, jino limeniua." Namwambia, "Pole sana dada. Shavu limevimba? Unaweza kufungua mdomo wote? Umepata homa?" Akisema shavu limevimba, simuuzii karafuu ili aende kulala. Usaha ukishajikusanya kwenye mzizi wa jino, hakuna mafuta yanayoweza kuufikia kwa kupakwa juu, na ganzi ya karafuu itamfanya achelewe siku mbili ambazo hana. Huyo aende kwa daktari wa meno siku hiyohiyo. Karafuu ni ya kukuvusha usiku hadi kliniki ifunguliwe asubuhi.

Kwa fizi zinazovuja damu ukipiga mswaki, karafuu haiongozi tena. Hapa shindano ni kati ya mwarobaini na mti wa mswaki, na kipimo chao ni klorheksidini, dawa ya kusukutua inayouzwa famasi. Mwarobaini umepambanishwa nayo mara nyingi nchini India, na katika majaribio kadhaa umeikaribia sana katika kupunguza ukoga na kutuliza fizi. Klorheksidini ina ubaya wake: ukiitumia wiki kadhaa mfululizo meno hugeuka hudhurungi na chakula hupoteza ladha. Mwarobaini haufanyi hivyo, lakini uchungu wake ni wa kweli na wengi huuacha siku ya tatu. Chemsha majani machache yaliyooshwa vizuri, chuja, acha yapoe, sukutua, tema. Usimeze.

Mti wa mswaki, ule unaotumiwa na Waislamu wengi pwani na ambao Mwezi wa Ramadhani huonekana kila kona, una faida ambayo mwarobaini wa kusukutua hauna: nyuzi zake zinasugua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi ya vijiti vya kutafuna mwaka 1986. Mwaka 2011, watafiti wakiwemo wa Karolinska nchini Uswidi walionyesha kuwa mizizi ya mswaki ina benzili isothaiosayaneti, kemikali ya jamii moja na ile inayowasha kwenye haradali, na kwamba huua hasa bakteria wa Gramu hasi wanaohusika na magonjwa ya fizi. Hilo ni jambo la pekee, kwa sababu nimesema mimea mingi hushindwa na kundi hilo. Kemikali hiyo hupaa hewani, kwa hiyo kijiti kibichi ni bora kuliko kikavu kilichokaa mfukoni mwezi mzima. Kata ncha iliyochakaa, menya ganda kidogo, tafuna upya.

Chaguo langu kwa fizi ni kijiti cha mti wa mswaki kila siku, na mwarobaini wa kusukutua kwa wiki moja au mbili fizi zikiwa zimechachamaa. Lakini dawa ya meno yenye floridi usiiache. Hakuna mmea kati ya hii unaoimarisha jino lisitoboke kama floridi inavyofanya.

Kwenye ngozi: mti wa chai dhidi ya mwarobaini, na kwa nini kitunguu saumu kikae mbali

Mafuta ya mti wa chai hayatokani na chai ya Kericho wala ya Mufindi. Mti wake ni wa New South Wales, Australia, na mwanakemia Arthur Penfold ndiye aliyeanza kuyachapishia matokeo miaka ya 1920. Kwa chunusi, huu ndio mmea wenye ushahidi ulionyooka kuliko mwingine wowote ninaoujua. Mwaka 1990 Waaustralia waliwagawa wagonjwa 124 wa chunusi makundi mawili: kundi moja lilipakwa jeli yenye mafuta haya kwa asilimia 5, wengine benzoili peroksidi kwa asilimia hiyohiyo. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Benzoili peroksidi ilionyesha matokeo mapema, mti wa chai ulichelewa, lakini waliotumia mti wa chai walisumbuliwa na muwasho na ukavu wa ngozi kidogo kuliko wenzao.

Kwa hiyo mwenye haraka achukue benzoili peroksidi. Mwenye ngozi nyepesi inayowaka ovyo, na mwenye subira ya miezi, achukue mti wa chai. Asilimia 5 ni takriban matone 5 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta mepesi au jeli ya shubiri. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima. Nunua chupa yenye rangi nyeusi na uifunge vizuri, kwa sababu mafuta haya yakipigwa na hewa na mwanga hubadilika, na yakishabadilika ndiyo yanayoleta mzio. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana itupe. Hayanywewi, hata tone, na kama una paka nyumbani usimpake kamwe.

Mwarobaini kwenye ngozi una wapenzi wengi kuliko ushahidi. Majani yake huzuia stafilokokasi maabara, hilo halina ubishi. Tatizo ni vile tunavyoutumia. Sabuni ya mwarobaini hukaa mwilini dakika moja, kisha inaoshwa, na sehemu kubwa ya usafi unaoupata ni kazi ya sabuni yenyewe. Majani yaliyotwangwa hukaa zaidi, lakini yakitwangwa bila kuoshwa yanabeba udongo, na kuupeleka udongo kwenye ngozi iliyochubuka ni hatari kubwa kuliko chunusi. Ninaouheshimu mwarobaini kwa ngozi ni ule wa kuogea kwa watu wenye vipele vya joto: maji ya majani yaliyochemshwa siku hiyohiyo. Ni nafuu, haudhuru, na wengi hupata ahueni ya kuwashwa.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini ni habari tofauti. Yananuka kama kitunguu kilichooza, na kupaka mtu mzima ngozini si neno. Lakini watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo, huko India na Malaysia, wamepata degedege na kuharibika ubongo na ini, na wengine walifariki. Mjamzito naye asiyanywe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu bado naulizwa ni kijiko kipi cha kumpa mtoto. Hakuna kijiko.

Kitunguu saumu kwenye ngozi nakikataa moja kwa moja. Kemikali yake, alisini, haibagui kati ya bakteria na chembe hai za ngozi yako. Watu hufunga kitunguu kilichopondwa kwenye chunusi, kwenye kidole chenye fangasi, hata nyayoni mwa mtoto mwenye mafua, wakakifungua baada ya saa chache na kukuta malengelenge kama ya maji ya moto. Majarida ya madaktari yana visa vingi vya namna hiyo.

Vidonda vibichi vina kanuni yake. Maji safi yanayotiririka na sabuni hufanya kazi kubwa kuliko mmea wowote. Baada ya hapo, kwa kidonda cha moto kidogo cha juujuu, asali ya hospitali iliyosafishwa viini ina ushahidi mzuri wa kuharakisha kupona. Hiyo kwa kweli ni kazi ya nyuki kuliko ya mmea, ila naitaja kwa sababu ndiyo ningeichagua mbele ya manjano. Unga wa manjano wa sokoni haujasafishwa viini, umekaa kwenye magunia, na kurkumini yake inayosifiwa haiyeyuki vizuri kwenye majimaji ya kidonda. Ute wa shubiri hutuliza na kulainisha, lakini nguvu zake za kuua bakteria ni ndogo. Utumie kwa ngozi iliyoungua jua.

Kuna mahali pawili ambapo hakuna mmea unaoruhusiwa. Cha kwanza ni kitovu cha mtoto mchanga: majani, majivu na mafuta ya kienyeji yameleta pepopunda kwa watoto wengi. Kiachwe kikavu na kisafi, au kipakwe jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1 ambayo Shirika la Afya Duniani limeiidhinisha kwa kazi hiyo, kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Kingine ni mguu wa mgonjwa wa kisukari. Kidonda chake kinaweza kuwa kimefika kwenye mfupa bila yeye kusikia maumivu, na wiki mbili za kujaribu majani zinaweza kumgharimu mguu.

Tumboni na jikoni

Kitunguu saumu kina heshima yake hapa, ila kwa kukielewa. Punje nzima haina alisini. Ndani yake viungo viwili vimetengwa, na alisini huzaliwa pale tu unapoiponda au kuikata, viungo hivyo vikikutana. Waliogundua alisini mwaka 1944 ni Chester Cavallito na John Hays Bailey wa Marekani. Ukiponda na kutia kwenye mafuta ya moto papo hapo, moto unaua kimeng'enya, kile kiungo kinachotengeneza alisini, kabla hakijamaliza kazi. Ponda, acha dakika 10 kwenye kibao, ndipo uunge mchuzi.

Sasa, ukishakila, alisini haionekani kwenye damu. Mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine, mojawapo ikiwa ndiyo inayonuka mdomoni mpaka kesho yake hata ukipiga mswaki. Kwa hiyo kula kitunguu saumu kwa ajili ya chakula kitamu na afya ya jumla ni jambo jema. Kukila badala ya dozi ya homa ya matumbo au nimonia ni kujidhuru. Mwaka 2015 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walitengeneza upya dawa ya macho ya Waingereza wa kale ya kitunguu saumu, kitunguu, divai na nyongo ya ng'ombe, wakaiacha siku 9, nayo ikaua stafilokokasi sugu maabara. Inafurahisha, na inaonyesha kwamba mchanganyiko unaweza kushinda kiungo kimoja kimoja. Bado hiyo ni maabara, na mtu asijitie kitunguu jichoni.

Mawili ya kuchukua kwa uzito. Vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza takriban kwa nusu kiasi cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya VVU, kwenye damu ya watu waliochunguzwa. Anayetumia ARV au dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini asianze vidonge hivyo bila kumwambia daktari wake. Kiasi cha kwenye mboga si tatizo. La pili linawashangaza wengi: kitunguu saumu kilichokatwa na kutiwa kwenye mafuta, kikakaa bila friji, kinaweza kuotesha bakteria wanaotoa botulini, sumu ya kupooza. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kula kitunguu cha namna hiyo mgahawani. Mmea unaoua bakteria wengi ulishindwa na mmoja anayependa kukosa hewa. Ukitengeneza, weka kwenye friji na umalize ndani ya siku chache.

Majani ya mpera yaliyochemshwa kwa kuharisha nayaona si mabaya kwa mtu mzima. Tanini zake, zile kemikali za ukakasi, hukaza utumbo. Kwa mtoto, kuharisha kwingi husababishwa na virusi, na kuua bakteria hakumsaidii. Anachohitaji ni ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kama hajafika miezi 6. Damu kwenye choo, macho kudidimia au mtoto kulegea ni safari ya hospitali.

UTI, kikohozi chenye homa na homa ya matumbo vinataka vipimo na antibiotiki, dozi yote. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikadiriwa kufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo zilizobeba mzigo mzito zaidi. Anayekunywa antibiotiki siku mbili kisha akahamia kwenye majani kwa sababu amepata nafuu anawapa bakteria waliobaki nafasi ya kujifunza.

Maji, spiriti, mafuta au mvuke

Mmea uleule hutoa vitu tofauti kulingana na unavyoukamua. Maji ya moto hutoa tanini na viungo vichungu, hivyo yanafaa kwa mwarobaini na mpera, lakini huacha nyuma mafuta mengi. Spiriti ya asilimia 70 hutoa zaidi, na ndiyo maabara nyingi hutumia. Kwa hiyo utafiti ukisema "mmea huu umeua" angalia kama ulikamuliwa kwa spiriti, kwa sababu chai yako ya nyumbani haitakuwa na vitu vilevile. Mvuke ndio hutoa mafuta ya karafuu, mchaichai na mti wa chai. Kuloweka majani mabichi kwenye mafuta ya nazi, njia inayopendwa zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote, na unyevu wa majani huyafanya mafuta yaoze.

Maji ya majani hayadumu. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, maji ya mwarobaini ya jana tayari yana bakteria wapya ndani yake. Chemsha ya leo, ya jana mwaga.

Muthiga

Nimeuacha mwisho kwa sababu si rahisi kuupata nje ya nyanda za juu. Huu ni mti wa Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania, ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamasai osokonoi, na ganda lake huwasha ulimini kama pilipili. Katika miaka ya 1970, utafiti uliohusisha kituo cha wadudu cha ICIPE jijini Nairobi ulitoa kwenye ganda hilo warbuganali na muzigadiali, kemikali zinazowafukuza viwavi jeshi na kuzuia vijidudu, hasa fangasi. Kwa koo linalowasha na jino linalouma, watu wa huko hutafuna kipande kidogo, na mimi naona wana haki: ni matumizi ya mdomoni, dawa inakutana na vijidudu uso kwa uso. Ukilinganisha na karafuu, muthiga unawasha zaidi na hautii ganzi vizuri, na haujapimwa kwa binadamu kwa kiwango kinachokaribiana.

Mti wenyewe unakufa kwa kuchunwa. Wachunaji wakizungusha kisu shina zima, maji hayapandi tena na mti unakauka wote. Majani yake yana mwasho uleule, na huchumwa bila kuuua mti. Ukikutana na muuzaji wa muthiga sokoni, mwagize majani, na ukikuta ana ganda tu, chukua karafuu.